Chungu Chekundu cha Maziko ya Userhati

Tabesi alimchukia Userhati kwa adabu. Kila asubuhi, msimamizi yule alipoingia katika ua wa wafinyanzi na fimbo yake na tumbo lake, Tabesi alikuwa wa kwanza kuinama. "Amuni akupe maisha marefu, Bwana." Na alikuwa anamaanisha. Hakutaka mtu yule afe hivihivi, kwa homa au kwa uzee, kabla yeye hajapata pa kumshikia. Watu wengine huwaombea adui zao kifo. Tabesi alimwombea wake uzima, akangoja.

Alizaliwa kwenye matope na hakuwahi kuyaonea haya. Baba yake alikuwa mfinyanzi, babu yake vilevile, na kabla hajajua jina la mungu yeyote alikuwa ameshajua kukanyaga udongo: kisigino kwanza, kisha vidole, akizunguka na kuzunguka mpaka tope jeusi la Nili liache kukwaruza nyayo. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya magharibi ya mji wa Waset, chini ya vilima vya makaburi. Watu wa mashambani waliwacheka kwa moshi na mavumbi yao, halafu jioni wakaja kuazima mtungi. Wao wenyewe walikunywa kwenye mapande ya vyungu vilivyopasuka, maana mfinyanzi hulia gaeni.

Alipokua alikabidhiwa moto. Wanaume walikaa kwenye gurudumu, wanawake wakalisha tanuri, na hakuna aliyelilisha kama Tabesi. Alitia makapi na kinyesi cha punda kidogokidogo, akiangalia rangi ya moshi, akinusa, akikataa kuharakishwa na mtu. Moto huo ndio uliomletea mume. Kenna alikuwa fundi wa mitungi ya pombe, mrefu, mwenye mdomo mwingi, na alizoea kuja kukaa karibu na tanuri hata siku ambazo hakuwa na chombo ndani yake.

"Wewe mwanamke unaupenda moto kuliko watu," alimwambia siku moja.

"Moto haukoromi."

"Nani amekwambia mimi nakoroma?"

"Kijiji kizima, kaka yangu. Hata ng'ambo wanasikia, wanadhani ni kiboko."

Wakaoana. Hawakujaliwa mtoto, wakawa na vyungu na maneno, na nyumba yao ilikuwa na kelele kuliko nyumba zenye watoto wengi. Halafu hekalu likamleta Userhati kuwa msimamizi wa ua, na Userhati akaja na sheria yake. Alisimama juu ya rundo la udongo ili aonekane, akatangaza: chombo kikivunjika kabla ya kufanya kazi yake, aliyekifinyanga atachapwa. Chombo kizima, fundi salama. Chombo kikivunjika, fundi mwongo. Aliipenda sana sheria hiyo. Aliisema kila sikukuu, kwa maneno yaleyale, mpaka hata kasuku, kama wangekuwa na kasuku, angeijua.

Mwaka huo sikukuu kuu ya Amuni ilikaribia na mto ulikuwa umechelewa kushuka. Udongo ulikuwa na maji mengi, hewa ilikuwa nzito, na mitungi ya Kenna ilikuwa bado inatoa jasho kivulini. Mtungi mbichi ukitiwa motoni, maji yaliyomo hutafuta mlango, yasipoupata huutengeneza. Mtoto wa mfinyanzi anajua hilo kabla hajaota meno. Lakini Userhati alikuwa amewaahidi makuhani mitungi mipya mbele ya miji mingine yote, na sifa ilikuwa imeshamlevya. Akamtuma mwanawe Nebseni, kijana aliyekwisha kuota ndevu, aje na amri: tanuri liwashwe leo.

"Mwambie baba yako haraka haraka haina baraka," Kenna alijibu. "Aje mwenyewe aishike hii mitungi. Ikimlowesha kiganja, aniambie tena niwashe."

Nebseni akaenda, akarudi. "Amesema washa, au utachapwa kwa ukaidi."

Tabesi ndiye aliyewasha. Aliwasha kwa mkono wake, polepole kadiri alivyoweza, akijua. Mitungi mingine ilipasukia tanurini. Mingine ilitoka na ufa mwembamba usioonekana, ikabebwa hadi hekaluni, ikajazwa pombe, na mbele ya makuhani na wageni ikafunguka kama makomamanga. Pombe ya Amuni ikatiririka sakafuni hadi kwenye viatu vya wakubwa. Userhati hakusubiri aulizwe. Alinyoosha fimbo yake na kusema, "Kenna. Amechanganya udongo vibaya ili aibe makapi ya kuchanganyia."

Wakamchapa mgongoni na kwenye nyayo. Alirudishwa nyumbani amebebwa juu ya ubao wa mlango, akapata homa, na hakukoroma tena. Kwa kuwa alikufa akiwa na hatia ya kuharibu mali ya mungu, hakuandaliwa mkate wala pombe. Alifukiwa mchangani kwenye mkeka, na siku ya sikukuu ya wafu, kila nyumba ilipopanda vilimani kuwaita watu wake kwa majina, hakuna aliyeruhusiwa kumwita. Kwa watu hao hicho ndicho kifo chenyewe. Mtu anayeitwa bado yupo, anakula, anakunywa, ana miguu. Asiyeitwa anafifia. Kijiji kilijifunza kusema "yule mtu wako" au "marehemu wako," na mwishowe hakuna aliyemtaja kabisa. Tabesi alitaka jina lile lirudi midomoni mwa watu, na alitaka aliyeliondoa alipe. Mambo mengine yote ya maisha yake, kuanzia hapo, yalikuwa kujipatia muda.

Jirani yake Wiai, aliyekuwa akisuka mikeka, alijaribu kumshauri. "Shoga, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ni yangu. Wewe ganga yako."

"Haya. Lakini dua la kuku halimpati mwewe."

"Simwombei dua mbaya, Wiai. Muulize mtu yeyote. Mimi ndiye ninayemwombea maisha marefu."

Wiai alimtazama, akajivuta nyuma kidogo na mkeka wake.

Na Userhati kweli aliishi, akanenepa, akajichimbia kaburi zuri mlimani lenye rangi kila ukuta. Alichorwa humo akiwa mwembamba. Miaka ikapita, nywele za Tabesi zikawa za majivu kabla ya wakati, na siku moja, wakati wa mavuno ya shayiri, msimamizi akala bata, akalala mchana, akafa usingizini. Kirahisi hivyo! Waliaji wa kukodiwa walipoanza kupiga kelele, Tabesi alikuwa tanurini. Aliketi chini akalia kwa uchungu wa kweli, kuliko wajane wengi. Watu wakasema, masikini, alimpenda sana bwana wake. Alikuwa analia kwa hasira. Alikuwa amemlinda mtu yule kwa dua zake miaka yote, na sasa ameponyoka akiwa ameshiba bata.

Siku za kukausha maiti ni nyingi, na katika siku hizo Mutui, mke wa marehemu, alikuja mwenyewe uani, akipepewa na kijakazi. Alisimama mbali ili moshi usimguse.

"Mama wa tanuri," alisema. Jina la mume wa Tabesi hakulitaja, kama kawaida. "Tunataka vyungu vya kufungia mlango wa kaburi. Vyekundu, vizuri. Na kile cha mwisho, cha mkono wa mwanangu, ukitengeneze wewe mwenyewe. Bwana alikusifu sana. Alisema hakuna mwanamke aliyemheshimu kama wewe."

"Alisema hivyo?"

"Mbele yangu."

Tabesi akainamisha kichwa ili mama yule asimwone macho. Hakuna asiyejua kazi ya vyungu vyekundu. Maiti akishalishwa na mlango ukikaribia kufungwa, vyungu hutupwa kwenye jiwe la kizingiti vikavunjika, na kila adui wa marehemu, aliye hai na aliyekufa, huvunjika navyo na kukimbia. Cha mwisho hutupwa na mtoto wa marehemu, na hicho ndicho kikubwa. Kisipovunjika, adui amebaki mlangoni. Ilikuwa haijawahi kutokea, kwa sababu chungu ni chungu, na jiwe ni jiwe.

"Nitakitengeneza, mama," alisema Tabesi. "Nitakitengeneza vizuri mno."

Hakuponyoka, kumbe! Tabesi alicheka njia nzima hadi mtoni.

Alichimba udongo mwenyewe, pale ambapo mafuriko huacha tope laini. Akauacha uchachuke hadi ukanuka. Alipepeta makapi ya shayiri mara kwa mara mpaka yakawa kama nywele za mtoto, akachanganya na samadi, mengi kuliko fundi yeyote angekubali, kwa maana udongo mgumu unaolia kama kengele ndio unaopasuka, bali ule wenye nyuzi tumboni hushikana. Akaukanyaga. Kila alipoweka kisigino alisema "Kenna," polepole, ndani ya kinywa. Akakifinyanga kidogo, cha mviringo, bila shingo, bila ukingo mkali, bila pembe ya kugonga, kuta nene chini. Akakikausha kivulini chini ya kitambaa chenye unyevu, akikifungulia hewa kidogokidogo. Hakuna sikukuu iliyomngoja safari hii. Alikipaka ngeu, udongo mwekundu wa rangi, akakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa, akakiweka tanurini juu kabisa, mbali na ulimi wa moto, akalisha moto mdogo, na ulipokwisha hakufungua mpaka matofali yenyewe yamepoa.

Cha kwanza alikitupa kwenye kizingiti cha nyumba yake. Kikavunjika. Akarudi mtoni. Cha pili kikapata ufa. Siku aliyokuwa akijaribu kingine, Wiai alichungulia juu ya ukuta.

"Shoga, unafukuza mijusi kwa vyungu?"

"Mjusi ni mmoja tu, na mkubwa."

Chungu kiligonga jiwe, kikatoa sauti nzito kama ya boga, kikabiringika hadi miguuni mwa kuku. Tabesi akakiokota, akapapasa kila mahali. Kizima. Wiai alikuwa amefunga mdomo kwa kiganja. Yeye naye alizaliwa kijijini, hakuhitaji kuelezwa.

"Tabesi. Watakuua."

"Kwa kosa gani? La kutengeneza chungu kizuri?"

Siku ya maziko mlima ulijaa watu. Maiti alisimamishwa mlangoni kwake, amefungwa vizuri, amepakwa sura ya mtu mwema. Kuhani msomaji, kichwa kimenyolewa kikang'aa, alimfungua kinywa kwa maneno yake ili ale na asikie, akampa mguu wa ng'ombe, akampa bia na tini, wakamshusha ndani. Waliaji wakajitupia vumbi. Halafu vyungu vikaanza kutupwa, na vile vya kawaida vilivunjika vizuri, vipande vikiruka, watu wakishangilia: "Adui wameanguka!"

Kikaletwa cha mwisho. Nebseni, ambaye sasa alikuwa na tumbo la baba yake na karibu kuchukua fimbo yake, alikiinua kwa mikono miwili akakitupa.

Kilidunda. Kikabiringika, kikasimama wima, kinang'aa.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Nebseni akakiokota, akakitupa kwa nguvu zaidi, akaguna kama mtu anayepasua kuni. Kikaruka pembeni, kikampiga mliaji kwenye muundi. "Aah! Mama yangu!" alilia yule mliaji, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kulipwa. Nebseni akajaribu tena na tena, jasho likimtoka, na kila pigo lililoshindwa liliwafanya watu warudi nyuma kidogo kutoka mlangoni.

"Leteni nyundo," alihema.

Kuhani akamzuia. "Hakisagwi kama shayiri, mwanangu. Ni mkono wako tu. Mkono wa mwana ukishindwa, basi mkono uliokifinyanga. Mwingine hakuna."

Watu wote wakageuka. Tabesi alikuwa amesimama nyuma, amevaa nguo safi, amejipaka wanja.

"Mchawi!" Mutui alipiga kelele. "Amekiroga! Mchapeni!"

"Nichapwe kwa nini, mama?" Sauti ya Tabesi ilikuwa tulivu na kila mtu aliisikia. "Miaka yote hii marehemu alitufundisha. Chombo kizima, fundi salama. Chombo kikivunjika, fundi mwongo. Nani hajaisikia? Mimi nimeogopa sheria ya bwana wangu, nikamtengenezea chombo kizima. Leo ninyi mnataka kunichapa kwa kuwa hakikuvunjika? Semeni basi, ni lipi lililo kosa, nami nijue."

Wafinyanzi walikuwa wamesimama pamoja upande mmoja wa mlima. Kwanza alicheka mzee mmoja, halafu wote, kicheko kibaya, cha watu ambao migongo yao ina alama. Hata kuhani alijifuta pua kuficha mdomo. Mutui akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama chini.

"Unataka nini?" Nebseni aliuliza.

"Wewe unajua. Ulikuwepo."

"Mama Tabesi, hapa si mahali..."

"Hapa ndipo. Baba yako yuko hapo ndani, kinywa chake kimefunguliwa, na masikio vilevile. Sema alichokutuma."

Upepo ulipita na vumbi. Nebseni alijaribu kumtazama kuhani, na kuhani alikuwa anatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Hauwezi kufungwa hivyo, na hakuna mtoto anayetaka kwenda nyumbani akale na kulala huku baba yake amelala na adui mlangoni.

"Baba aliamuru tanuri liwashwe," alisema.

"Kwa sauti."

"Baba aliamuru! Mitungi ilikuwa mbichi. Fundi alikataa. Alisema baba aje aishike kwa mkono. Mimi ndiye niliyepeleka maneno, mimi ndiye niliyerudisha. Hakuiba makapi. Hakuiba kitu chochote."

"Fundi gani?"

"Kenna."

Jina lile lilitoka kama kitu kilichokwama kooni siku nyingi. Tabesi akafumba macho. "Mwite sawasawa," alisema, na sauti yake ikavunjika. "Mwite kama mnavyowaita watu wenu."

Nebseni akachukua mkate na bia kutoka kwenye meza ya baba yake, akainua. "Kenna, fundi wa mitungi. Mkate wako huu. Bia yako hii. Njoo, Kenna." Na wafinyanzi, bila kuambiwa, wakaitikia wote, "Njoo, Kenna!" na Wiai akaitikia kwa nguvu kuliko wote huku machozi yakimtiririka. Jina liliitwa juu na chini ya mlima, na Tabesi alilia mbele za watu kuliko alivyolia alipomzika.

Basi. Mtu mwema angeishia hapo, na wengi waliokuwepo walitaka aishie hapo. Mutui alikuwa ameshaanza kupangusa uso. "Umepata ulichotaka," alisema kwa upole, upole wa kwanza maishani mwake. "Mume wako amesafishwa. Sasa kivunje, dada yangu. Mfungie bwana wangu mlango apumzike."

Tabesi akakiokota chungu. Kila chombo kina mahali pake pa kuvunjikia, na yeye alipajua pa hiki, chini kidogo ya tumbo, vidole viwili upande wa kushoto, ambapo aliukunja udongo mara ya mwisho. Pigo dogo pale kingefunguka. Alikigeuza mikononi, kidole gumba kikapata mahali penyewe, na watu wakashusha pumzi.

"Chungu hiki kinafukuza nini?" aliuliza.

"Adui wa marehemu," kuhani alijibu.

"Na adui wa marehemu ni nani?"

Kuhani akarudi hatua moja nyuma. Alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulibadilika rangi.

"Asubuhi mume wangu hakuwa na jina, hakuwa na miguu. Sasa mmemwita wote. Amekuja. Yuko hapa mlangoni." Tabesi alimgeukia Mutui. "Unataka nimfukuze mume wangu mwenyewe, dada yangu? Ndiyo kwanza amefika."

Akapiga magoti kwenye kizingiti. Alikiweka chungu chini, wima, katikati ya mlango wa Userhati, akachukua mtungi wa bia kutoka mikononi mwa Nebseni, ambaye hakuweza kumzuia, akamimina mpaka kikajaa. Na hapo hakuna aliyeweza tena kukigusa, kwa mkono wala kwa nyundo, kwa kuwa kilikuwa chombo cha maiti aliyeitwa, chenye kinywaji chake ndani, na anayevunja hicho huvunja zaidi ya udongo.

Mutui alianza kupiga mayowe, na safari hii hayakuwa ya desturi. Tabesi hakumsikiliza. Aliinama karibu na giza la mlango, akanong'ona kwa sauti ya mke anayemwandalia mumewe chakula.

"Kunywa taratibu, mume wangu. Huyu haendi popote."